Chumvi Kwanza, Rangi Mwisho: Mwongozo wa Kuhuisha Land Rover ya Kale katika Pwani ya Cabo Delgado

Ikiwa makazi yako ni katika pwani hii inayoanzia mlango wa mto Ruvuma na kuteremka kwa Palma, Mocímboa da Praia na visiwa vya Kerimba hadi kuifikia ghuba ya Pemba, na ikiwa moyo wako umeingiwa na mapenzi ya magari ya zamani, basi kabla hujanunua hata kopo moja la rangi yakupasa umjue adui utakayepigana naye. Adui huyo ni chumvi. Umri hauliui gari lililotunzwa, na njia mbovu huvunja springi ambayo fundi aweza kuibadili kwa siku moja. Lakini chumvi hufanya kazi usiku na mchana, huvuta unyevu wa hewa na kuushika juu ya chuma, na hula kwa ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa na kumhadaa mnunuzi. Gari lililolala miaka mingi chini ya mti huko juu Mueda laweza kuamshwa kwa kazi ya kadiri, ilhali ndugu yake aliyelala muda huo huo karibu na mikoko aweza kuwa amebaki jina tu.

Kwa sababu hiyo mpango wa kazi katika pwani yetu hauwezi kuwa ule wa watu wa bara, ambao aghalabu huanza na injini na kumalizia na bodi. Kwetu sisi kazi huanza kwa kuondoa chumvi, hufuata kiunzi, kisha breki, kisha injini na nyaya, na rangi huja baada ya vyote.

KWA NINI LAND ROVER

Gari hili lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha karibuni, chuma kilikuwa adimu na cha kugawiwa kwa kibali huko Uingereza, na kwa hiyo waundaji walichagua aluminiamu ngumu kwa ajili ya bodi, wakaacha chuma kitumike kwa chesisi na kwa ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Uamuzi huo uliotokana na uhaba ndio uliozifanya nyingi katika gari hizi zidumu hata leo. Msumbiji ya wakati wa Wareno ilizijua vyema: zilitumiwa na watawala, wamisheni na wenye mashamba, na katika vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 jeshi la Kireno lilizitumia pamoja na Unimog na malori ya Berliet.

Kwa mwanafunzi wa kazi hii Land Rover ina fadhila tatu. Bodi yake hufunguka kipande kwa kipande kwa spana za kawaida, haina kompyuta, na vipuri vyake vyapatikana kwa majirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, ambako gari hizi hupendwa kiasi kwamba Oktoba 2024 mji wa Arusha ulifanya tamasha zima kwa ajili yao. Ukipendelea Peugeot 404 au Volkswagen ya mgongo wa kobe, utaratibu ni huu huu, ila ujue kwamba bodi zao ni za chuma kitupu, na kutu ndani yake ni maradhi mazito zaidi.

KISANDUKU: KUITAMBUA KWA MACHO
• Series I (1948–1958): ubavu wake ni bapa, umesimama wima kutoka juu hadi chini.
• Series II na IIA (1958–1971): ubavu umebenuka kidogo chini ya madirisha. Taa kubwa zimekaa katikati, karibu na wavu wa mbele. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 zilihamishiwa kwenye madigadi.
• Series III (1971–1985): wavu wa mbele ni wa plastiki, na saa za mwendo na mafuta ziko mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi.
• Tangu Series II, fupi ina inchi 88 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na ndefu ina inchi 109.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Anza na hati, kwa maana gari lisilo na hati ni shimo la fedha. Mwombe muuzaji livrete (kijitabu cha gari) na título de propriedade (hati ya umiliki), kisha ulinganishe namba iliyoandikwa humo na namba iliyopigwa kwenye chesisi, upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa. Huenda ikabidi usugue kutu kwa brashi ya waya ndipo uione. Namba zisipoafikiana, usilipe hata amana. Nenda kwanza katika ofisi ya usajili wa magari ukaulize.

TAHADHARI. Katika jimbo letu yako mabaki ya magari yaliyoachwa na vita vya zamani, na mengine yaliyoachwa tangu mapigano yalipoanza Oktoba 2017. Usiingie porini kuvuta gari bovu, hata likiwa zuri namna gani, kwa kuwa mabomu na risasi ambazo hazijalipuka haziozi upesi kama chuma. Fauka ya hayo, gari lililoachwa na mtu aliyekimbia kuokoa roho yake halikukoma kuwa mali yake. Kulinunua kwa aliyelikuta tu ni kununua dhuluma. Waulize wazee wa mahali na wenye mamlaka, na penye shaka uliache.

Hati zikiwa sawa, njoo asubuhi kukiwa na mwanga, ukiwa na nyundo ndogo, bisibisi, kurunzi na sumaku, na ulikague gari kwa utaratibu ufuatao:

1. Lala chini ya gari, uanze na mwamba wa nyuma wa chesisi unaobeba ndoano ya kuvutia. Gonga kwa nyundo taratibu, ukisogea shibiri moja moja. Chuma kizima hutoa mlio mkali na nyundo huruka mkononi. Kilichooza hutoa mlio mzito, nyundo hubaki pale pale, na magamba mekundu humwagika usoni mwako. Kwa hiyo vaa miwani.
2. Fanya vivyo hivyo kwenye mikono ya pembeni inayoshika bodi na pale springi zinaposhikwa. Mahali penye shaka sukuma kwa bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki.
3. Kagua ukuta wa mbele: sakafu ya miguu, pembe za chini ya kioo, na nguzo za mlango. Hapa weka sumaku. Chuma kisichoivuta sumaku si chuma, bali ni pati iliyojazwa kuficha tundu.
4. Tazama mahali aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye kingo za milango na chini ya viti. Ungaunga mweupe ukiuona umevimbisha rangi, ujue metali hizo mbili zinakulana.
5. Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Kisha weka giya huru, ujaribu kuzungusha injini kwa hendeli.

HUKUMU. Injini iliyokwama isikutishe, kwani yatengenezeka. Chesisi na ukuta wa mbele vikiwa vimeoza vyote viwili, liache gari hilo, ama ulinunue kwa bei ya vipuri tu.

MAHALI NA MAJIRA

Banda lako liipe bahari mgongo. Paa la makuti lafaa sana kwa kuwa hupitisha hewa, lakini sakafu isiwe mchanga mtupu wala majani, kwa sababu unyevu hupanda usiku na kuishika chesisi. Tandaza kokoto au mbao nene. Usilifunike gari kwa turubai la plastiki lililokazwa, kwa maana ndani yake gari hutoka jasho na kutu huongezeka. Shuka kuukuu la pamba lafaa zaidi.

Majira nayo yana hukumu yake. Miezi ya kaskazi yenye mvua, tangu Desemba hadi Aprili, itumie kufungua vyombo, kusafisha na kupanga vipuri chini ya paa. Miezi mikavu ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, ndiyo ya kuchomelea na kupaka rangi. Lakini kwa kuwa upepo wa kusi hubeba chumvi na vumbi, ziba upande unaotoka upepo, na usipake kitu kabla umande haujakauka.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Andika na upige picha. Kila unachokifungua kipige picha kikiwa bado mahali pake, na bolti zake uzitie katika kopo lenye jina. Utakapofika wakati wa kurudisha utakuwa umesahau mengi.

Hatua ya 2: Osha chumvi. Chesisi ya Land Rover ni boriti zilizo wazi ndani, na humo hukaa matope ya chumvi ambayo hakuna ayaonaye. Ingiza mpira wa maji katika matundu yake na uache maji yapite polepole kwa muda mrefu, upande mmoja kisha wa pili, hata yatoke meupe. Ni sharti yawe maji matamu. Visima vingi vya karibu na ufuko vina chumvichumvi, kwa hiyo onja maji ya kisima kabla ya kuyatumia, na kama yana ladha ya chumvi, tumia maji ya mvua uliyoyakinga. Rudia kwa siku kadhaa, kisha liache gari likauke barabara juani.

Hatua ya 3: Legeza bolti. Zipake mafuta ya kupenya jioni, urudi asubuhi, na urudie hata zikubali. Bolti ndogo na vipande vya chuma vilivyoota kutu vitumbukize katika siki usiku mmoja au miwili, uvisugue, uvioshe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, uvikaushe na kuvipaka oili papo hapo. Usitie aluminiamu humo, wala kilichopakwa zinki, kwani siki itavila.

Hatua ya 4: Kata kilichooza na uchomelee chuma kipya. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, na kiraka kisiwe chembamba kuliko chuma cha asili. Chomelea ukingo wote, usiridhike na vidoa. Kabla ya kuwasha moto, ondoa betri na utoe tangi la petroli ulipeleke mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli hulipuka.

Hatua ya 5: Linda chuma nje na ndani. Nje, paka praima yenye zinki, kisha rangi nzito. Ndani ya boriti, nyunyiza nta ya kuzuia kutu au oili nzito kwa bomba refu. Waunda majahazi wa pwani hii hawapaki sifa, yaani mafuta ya papa, kabla hawajatia kalafati katika kila uwazi wa mbao, na wewe vivyo hivyo usiridhike na ya nje kabla hujaziba ya ndani.

Hatua ya 6: Tenga aluminiamu na chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri, na aluminiamu ndiyo inayolika. Kila zinapokutana paka praima pande zote mbili, uweke ukanda mwembamba wa mpira baina yake, na bolti uzipake grisi kabla ya kuzikaza.

Hatua ya 7: Breki kabla ya injini. Gari lisilokwenda halimdhuru mtu, lisilosimama huua. Badili mipira yote ya silinda za breki, mabomba laini, na mabomba ya chuma yenye kutu. Tumia mafuta ya breki peke yake; oili ya injini ikiingia humo huvimbisha mipira na breki hushindwa. Vumbi la viatu vya breki vya zamani aghalabu lina asbesto inayoharibu mapafu, kwa hiyo usilipulize. Lilowanishe na ulipanguse kwa kitambaa cha kutupwa.

Hatua ya 8: Amsha injini, kama ilivyoelezwa hapa chini.

Hatua ya 9: Nyaya. Kabla ya kufunga betri, hakikisha ni ncha ipi inayokwenda kwenye bodi, kwani katika Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ni ncha chanya, na kugeuza kwa kutojua kwaweza kuharibu vyombo vya umeme. Kila kiungo cha waya kisugue hata king'ae, ukifunge, na ukipake grisi.

Hatua ya 10: Rangi. Sugua kwa msasa wa maji, kwa kuwa rangi za kale huenda zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Juu ya aluminiamu tupu rangi ya kawaida haishiki. Tanguliza praima iliyotengenezwa kwa ajili yake.

KUIAMSHA INJINI ILIYOLALA

Injini iliyo ya kawaida katika Series II na zilizofuata ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Usikubali gari livutwe kwa kamba ili iwake; pistoni iliyoshikwa na kutu itavunja ringi zake.

1. Fungua plagi zote nne, umimine katika kila silinda vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa na oili. Acha siku tatu au zaidi.
2. Weka giya huru, uzungushe kwa hendeli pole pole. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini, ili injini ikirusha hendeli isikuvunje mkono.
3. Ikizunguka kwa wepesi, mwaga oili ya zamani, badili filta, utie mpya.
4. Safisha tangi, bomba la petroli na kabureta. Petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba vijitundu.
5. Safisha poiniti na upime nafasi yake: milimita 0.35 hadi 0.40. Nafasi ya plagi ni milimita 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.
6. Jaza rejeta maji matamu, washa, na utazame taa au saa ya presha ya oili. Presha isipopanda mara moja, zima.

MAKOSA YATOKEAYO MARA KWA MARA

• Kuanza na rangi ili kuwafurahisha majirani. Rangi juu ya kutu hudumu msimu mmoja.
• Kufungua gari lote kwa siku moja. Malizia sehemu moja kabla ya kugusa nyingine.
• Kulitegemeza gari kwa jeki peke yake, au kwa mawe, na kuingia chini yake. Tumia stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana.
• Kuamini tairi kwa sababu lina meno. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Lililozidi miaka kumi au lenye nyufa, libadili.
• Kuosha bodi na kusahau chini. Chumvi hukaa chini.

KISANDUKU: BAADA YA SAFARI YA MCHANGANI
☐ Umeingiza kibonyezo cha manjano kwa giya ya magurudumu manne mchangani, na umekitoa ulipofika barabara ngumu?
☐ Upepo uliopunguza katika tairi umeurudisha?
☐ Umeosha chini kwa maji matamu siku ile ile, hasa nyuma ya magurudumu na juu ya springi?
☐ Matundu ya chini ya milango yako wazi, maji yatoke?
☐ Umekausha breki kwa kuzikanyaga kidogo kidogo ukienda polepole?
☐ Mara moja kwa mwezi, umetia grisi na kuangalia oili za giaboksi na difu?

NAMNA YA KULITHAMINI

Gari likisimama juu ya miguu yake, yapasa ujue pia namna ya kulistahi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30 na likiwa limehifadhiwa katika hali ya asili yake. Na hati yake ya Turin yafundisha kwamba kuhifadhi kilichopo kwatangulia kubadilisha. Mafundisho hayo yatufaa sana. Ukikuta mlangoni herufi zilizofifia za misheni, za kampuni ya pamba au za idara fulani, usizifute; zisafishe kwa maji na uzizungushie rangi mpya. Taa iliyopasuka ibadili, lakini ile ya zamani iweke katika sanduku pamoja na hati. Fungua daftari, uandike kila kazi iliyofanyika, na umtafute mzee aliyewahi kuliendesha au kulipanda gari hilo, umwombe akusimulie njia lilizopita na mizigo liliyobeba. Daftari hilo litaliongezea gari thamani ambayo rangi haiwezi kuiongeza.

Wala usidhani gari kuukuu ni gari dhaifu. Katika Safari Rally ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1953, Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha tumika kabla yake. Na Peugeot 404, ile ile iliyofanywa teksi katika miji mingi ya Afrika, ilishinda mwaka 1963 na tena miaka mitatu mfululizo tangu 1966 hadi 1968. Ushindi wa namna hiyo haupatikani pasipo matengenezo ya uangalifu.

NENO LA MWISHO KWA MSOMAJI

Kazi hii yataka subira kuliko fedha, na fundi mmoja peke yake hatoshi. Basi utakapoianza, mwite kijana wa mtaani mwako asiye na kazi, umpe spana na daftari, umfundishe kugonga chesisi na kusikiliza mlio wake, na umfundishe kuosha chumvi kabla ya kumfundisha kupaka rangi. Magari haya yamebaki machache katika pwani yetu, na wanaojua kuyatengeneza ni wachache zaidi. Ukihuisha gari moja na ukamwacha nyuma yako fundi mmoja, umeitendea ihsani nchi yako.